Mkia wa Mshale

Mjukuu wangu Iman alitengeneza programu ya simu inayogeuza saa za Kiingereza kuwa saa zetu. Sababu ilikuwa mimi. Daktari wa macho aliniandikia tisa, kumbe asubuhi; nami nikaenda saa tisa yetu, alasiri, na mtandio wangu mpya, nikaambiwa zamu yangu imepita kitambo.

Hakuiuza. Aliiweka mtandaoni wazi, pamoja na maandishi yake ya ndani, yeyote aichukue na airekebishe bure. Wakaitumia Wazanzibari wa Saltley na Wakongo wa Kings Heath, mitaa ya mji wetu huku ughaibuni.

Kisha kampuni moja ikamwandikia: kupunguza saa sita kwa kompyuta na kuonyesha jibu ni uvumbuzi wao, wana hataza yake, ile hati ya kumiliki uvumbuzi. Aiondoe programu, ama wakutane mahakamani.

Iman alikaa jikoni kwangu, chai yake imefanya utando. "Nai-delete, Bibi. I can't fight them."

Shoga yangu Jeanne, mtu wa Bukavu, alikuwa akimenya ndizi. Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Kutosha sita? Nani anatoshaka sita? Weye Mwanasiti, unatoshaka?" Kwao kutosha ni kupunguza.

"Hata siku moja. Mimi hutazama mkia wa mshale."

"Mkia gani?" Iman akauliza.

Nikamwonyesha saa ya ukutani. Mshale mfupi umeelekea tisa. Ncha yake ya nyuma, ile fupi butu, imeelekea tatu. Basi ni saa tatu.

"Mtoto wenu ni muzungu, huyu!" Jeanne akasema.

"Nilidhani nyote mnapunguza, Mama Jeanne," Iman akajibu, uso chini.

Akafuta hesabu yote. Akachora saa ya duara, mshale mfupi wenye mkia mrefu mwekundu, basi. Wakili wa kujitolea, Amrita, akaipitia hataza neno kwa neno: inataja hesabu na tarakimu, mchoro haiutaji. "Lakini wanaweza kushtaki hata hivyo," akaonya. "Uamuzi ni wako."

Iman akanitazama. Sikumchagulia: kesi ingemwangukia yeye, si mimi. Akasema bismillahi, akabonyeza, toleo jipya likaenda mtandaoni, na Amrita akawaandikia kampuni.

Jibu la kampuni lilikuja kupitia kwa Amrita, fupi: hawana madai juu ya toleo hili. Iman alilisoma kwa sauti, kisha akalisoma tena kimya, midomo tu ikicheza.