Foleni ya Alhamisi Ile

Jumatatu saa tatu asubuhi, fundi wa kompyuta ambaye mji mzima ulimwita Bisibisi alikuwa amelala chali chini ya meza ya dirisha namba mbili, katika ofisi ya kusajili vizazi na vifo, akipapasa mahali pa kuchomeka flashi. Mashine ilikuwa kuukuu. Kasha lake lilikuwa jeupe zamani, sasa limegeuka njano, na kijitundu cha kuingizia sidii kilikwama miaka mingi iliyopita. Mkuu wa ofisi alitaka mfumo mpya uwe umeingia kabla ya Ijumaa. Sidii ndiyo hiyo haiingii, basi ilibaki njia moja tu, kuiwasha mashine kutoka kwenye flashi.

Kwa mashine za siku hizi hiyo ni kazi ya kufanya huku unakunywa chai. Hii ilitia ngumu. Bisibisi alichomeka flashi, akawasha, mashine ikaipita flashi bila hata salamu na kwenda moja kwa moja kwenye mfumo wake wa zamani. Akaizima. Akakumbuka kwamba mashine za umri huu hutaka flashi ichomekwe kabla ya kuwashwa, kisha uingie kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio, uitafute flashi katika orodha ya diski na uipandishe juu, iwe ya kwanza kuangaliwa. Akaipandisha, akahifadhi, akaizima, akaiwasha tena. Mashine ilikuwa imesahau kila kitu. Betri ndogo ya ndani, ile ya kutunza saa na mipangilio, ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatwa mashine ilirudi kwenye tarehe moja, Alhamisi ya miaka kumi na saba iliyopita.

Tarehe ilipotokea kwenye skrini, mlango mkubwa ulifunguka, watu wakaingia wakapanga foleni. Walikuwa kama arobaini, wamevaa nguo za wakati ule, wameshika fomu za wakati ule, zile za rangi ya waridi ambazo ziliachwa kutumika. Mfagizi aliwaomba wainue miguu. Wakainua, akapitisha dekio, akaendelea na korido.

Karani wa dirisha hilo, mtu aliyebakiza miezi michache kustaafu, alimweleza Bisibisi kwamba hao ni wa Alhamisi ile. Asiwe na wasiwasi nao. Huja umeme ukikatika na kurudi, na mashine ikizimwa huondoka. Akavuta kiti, akaanza kuwahudumia huku anaongea na simu.

Bisibisi alitoka chini ya meza, akajipangusa vumbi. Wa saba kutoka mwisho alikuwa mama yake.

Alikuwa na gauni la kijani na mkoba kwapani, na kisigino cha kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimeanza kuinama. Siku hiyo alimzidi Bisibisi wa leo miaka tisa tu. Bisibisi alimkodolea macho mpaka yule mama naye akamtazama, akamsalimia kwa kichwa, kama unavyomsalimia mtu usiyemjua, na kurudisha macho mbele. Angemjuaje? Bisibisi wa wakati ule alikuwa binti wa miaka kumi, na saa hizo alikuwa darasani.

Alichokifuata mama pale kilijulikana nyumbani kwao hata na jirani. Ni cheti cha kuzaliwa cha dada yake Bisibisi. Bila cheti, mtoto haandikishwi mtihani wa kumaliza shule ya msingi, na mwisho wa kuandikisha ulikuwa Alhamisi ile. Cheti hakikupatikana. Mwaka uliofuata dada akaambiwa umri umepita. Sasa anapiga pasi nguo za watu kwa dobi, siku sita kwa wiki, na ana akili kuliko Bisibisi, jambo ambalo Bisibisi mwenyewe hulisema mbele za watu bila kuulizwa.

Jioni alimkuta mama ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto. Hakuwa ametoka nje siku hiyo. Dada alisema alipotoka kazini alimkuta kiguu na njia, kutoka mlangoni hadi dirishani, dirishani hadi mlangoni, hakaliki.

"Nimesimama tangu asubuhi," mama alisema. "Mara nne. Nikikaribia mbele, narudishwa mwanzo."

Bisibisi alihesabu kimoyomoyo. Siku hiyo alikuwa ameiwasha mashine mara nne.

Jumanne alifika ofisini na betri mpya mfukoni, lakini hakuiweka. Ukiiweka, tarehe inakaa sawa, foleni haiji tena, na mama anabaki hajahudumiwa milele. Alitaka kwanza aone foleni ile ilikwamia wapi. Akakaa pembeni, mguu mmoja unacheza chini ya meza, akaangalia.

Haikukwama popote. Watu walisogea vizuri mpaka mlango mdogo wa ubavuni ulipofunguka. Hapo akaingia bwana mmoja na kimemo kutoka kwa mkuu wa wakati huo, karani akachukua fomu yake akaiweka juu ya nyingine zote. Kisha akaja mwingine na kimemo. Kisha mama mmoja mwenye manukato, hata kimemo hana, alitaja jina tu. Saa nane mchana mama yake Bisibisi alikuwa wa pili kutoka dirishani, na karani akashusha kibao cha kufunga dirisha.

Bisibisi alimuuliza kwa nini alifanya hivyo. Karani hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na swali hilo hakuwahi kuulizwa.

"Nafuata mpangilio," alisema.

"Mpangilio upi?"

"Ule nilioukuta."

Mfumo mpya ulikuwa tofauti. Huo uliita watu kwa namba, aliyetangulia ametangulia, na haukuwa na mahali pa kuandika kimemo. Bisibisi aliwaza kwamba mashine ikiwaka kutoka kwenye flashi huku bado iko Alhamisi ile, mama atafika dirishani. Alijaribu mara tatu mchana huo. Flashi ilionekana kwenye orodha, ilipanda juu, lakini mashine ikadai haina kitu cha kuanzia. Saa kumi ndipo akaona kosa, akajipiga kofi la paji la uso. Flashi aliiandaa kwa namna ya mashine mpya, kama alivyozoea kuandaa zote, na hii ya zamani haikujua kuisoma. Tangu Jumatatu alikuwa anamsimamisha mama yake kwa uzembe wake mwenyewe. Alitamani ardhi immeze.

Nyumbani mama hakuweza kuvaa hata kandambili.

Jumatano saa mbili asubuhi, na flashi iliyoandaliwa upya, Bisibisi aliiwasha mashine mara moja tu. Alibonyeza kitufe kile cha kuuliza uanzie wapi, akachagua flashi. Skrini ikawa nyeusi, kistari kikacheza pembeni, na mfumo mpya ukaja taratibu, tarehe ikiwa ileile. Mlango mkubwa ukafunguka. Alimwomba karani ampishe kiti, karani akampisha, akaenda kunywa chai.

Bisibisi aliita namba moja, akaita namba mbili. Wenye vimemo walikuja dirishani wakavionyesha, yeye akawaambia wachukue namba, wakakunja uso wakarudi mlango wao wa ubavuni. Saa nne na dakika nane mama yake alisimama mbele yake. Alitoa fomu ya waridi mkobani, akainyoosha kwa kiganja.

Bisibisi aliandika jina la dada yake, tarehe aliyozaliwa na jina la mama. Alikosea herufi, akafuta mara mbili. Printa ikatoa cheti, karatasi ingali na joto. Hiyo ndiyo karatasi ambayo nyumba yao iliikosa, na ilikuwa mkononi mwake. Ilibaki sahihi na mhuri. Akamwambia mama asubiri kidogo, akapanda ngazi mbilimbili hadi ofisi ya mkuu.

Mkuu wa sasa hakuwa yule wa zamani. Alikuwa kijana, mwenye miwani, anayecheka na watu. Mezani kwake palikuwa na rundo la vyeti, juu ya kila kimoja kimebanwa kimemo, na wale wa mlango wa ubavuni walikuwa wameketi kwenye makochi yake wanamsubiri. Bisibisi alimsihi. Alimwambia aliyeko dirishani ni mama yake, mwisho ni leo. Mkuu alimsikiliza mpaka akamaliza, akakitazama cheti, akakiweka chini kabisa ya rundo kwa uangalifu, kisijikunje.

"Mwambie aje kesho," alisema.

Bisibisi alishuka ngazi mojamoja. Mama alikuwa palepale, amehamishia uzito kwenye mguu wa kulia. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu na kimya.

"Njoo kesho, mama," Bisibisi alisema.

"Lakini mwanangu, mwisho ni leo."

Mama alingoja kidogo, akasema haya, akafunga mkoba, akatoka. Saa nane foleni iliyobaki ikaambiwa vilevile. Bisibisi aliizima mashine, akafungua kasha, akaweka betri mpya, maana miguu ile isingestahimili siku nyingine. Akaiwasha, akarekebisha tarehe iwe ya siku hiyo. Hakuna aliyeingia.

Jioni beseni lilikuwa mahali pake. Dada, mwenye alama mpya ya pasi kwenye kifundo cha mkono, alikuwa anatia chumvi kwenye maji. Mama alisema leo alifika dirishani. Alilisema mara mbili, uso umechangamka.

"Kuna msichana mpya," alisema. "Ana adabu, kaniita mama. Ila naye kaniambia nije kesho."

Bisibisi aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake, akazifunga tena. Mama alijipangusa miguu, akaenda dirishani, akarudi, akauliza kesho wanafungua saa ngapi.

"Saa mbili," Bisibisi alisema.

Mama akaenda kabatini, akatoa gauni la kijani. Lilikuwa limejikunja kwa kukaa miaka. Dada akalipokea, akalitandaza mezani, akachomeka pasi.