Mshale Uliolala Chini

Osée hakuwa na shamba, maana shamba lao lilibaki Djugu na magugu yake walipohamia Bunia. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na diploma, hakuwa na koti, hakuwa na ndugu serikalini. Na ndani ya jeep yake ya zamani hakukuwa na joto. Hayo mengine watu walimsamehe. Hili la joto lilitaka kumnyima mke.

Mimi ni Laurent, baba yake mdogo. Kaka yangu alipofariki, kazi ya kuandika barua ya kumwombea kijana mchumba ilinijia mimi, nami niliipokea kwa furaha, kwa sababu tangu nilipomaliza shule ya jioni mwandiko wangu unajulikana mjini. Kwetu barua hiyo ndiyo inayobisha hodi. Isipopokelewa, hakuna mazungumzo, hakuna mbuzi, hakuna harusi. Msichana ni Arlette, anakaa mtaa wa Ngezi. Mama yake, Honorine, ni mjane, na ndiye wa kuipokea barua au kuikataa.

Ili ajipendekeze, Osée alijitolea kumpeleka Mama Honorine juu milimani, upande wa Djugu, kwenye ibada nyumbani kwa dada wa mama huyo. Asubuhi huko juu ni ukungu mtupu. Osée akafungua shofaji, kile kipasha joto cha gari, na shofaji ikapuliza hewa ya kuhifadhia samaki. Kioo cha mbele kikawa cheupe. Akaendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, huku mama mkwe wake wa kesho akifuta kioo kwa kitambaa alichojifunga kichwani. Walipofika, mama alitetemeka hivi kwamba wazee wa kanisa walimwekea mikono na kuikemea malaria.

Aliporudi, Mama Honorine alinijia nyumbani, Osée akiwapo.

"Papa Laurent, ile barua musiiandike kwanza. Mutu mwenye anashindwa kupasha miguu ya mukwe wake, atapasha nyumba namna gani? Nitarudia kwa dada yangu mwezi wenye kuja. Akinifikisha na joto, mulete barua. Kama hapana, iko mwalimu mumoja wa Komanda anamuangalia Arlette. Na ule iko na koti."

"Lakini mama, jeep yangu iko muzima kabisa!" Osée alisema. "Mushale wa moto haijapanda hata siku moja!"

"Hata maiti haishikake homa," alijibu, akaondoka.

Lazima nieleze fahari hiyo ya mshale. Magari yetu ni ya zamani, na kwenye milima yetu huchemka kama vyungu vya maharage. Abiria wa Bunia hutazama kipimo cha joto kabla ya kumtazama dereva. Mshale ukilala chini kabisa, husema: hapa tutafika. Osée alikuwa akiwaonyesha watu mshale wake kama wengine wanavyoonyesha picha za watoto.

Tulikwenda kwa Josaphat, fundi wake. Josaphat aliweka mkono penye matundu ya shofaji. "Upepo unatoka nguvu. Feni iko muzuri." Akafungua mipira miwili inayopeleka maji ya moto kwenye shofaji, akapitisha maji ya bomba. Yaliingia upande mmoja yakatoka upande wa pili, safi. Basi haikuwa imeziba.

"Ni hewa," nilisema. "Hewa ikinaswa ndani, maji hayazunguki. Hiyo ni fizikia." Tukapandisha pua ya jeep juu ya kilima, tukafungua kifuniko cha radiateri, lile tangi la mbele linalopoza maji, tukajaza maji huku injini ikinguruma. Hakukutoka hata kiputo kimoja. Josaphat aliniangalia kwa adabu.

"Fizikia imeenda kunywa chai, muzee?"

Ni Osée aliyelalamika akiwa ameshika mpira mkubwa wa juu, ule unaoingia kwenye radiateri. "Baba mudogo, huu mupira umeanza kupata vuguvugu palepale moteri ilipowaka. Na ile ya shofaji pia iko vuguvugu tu, sawa maji ya kuogesha mutoto."

Hapo nilifikiri. Maji yakikimbilia radiateri kabla hayajapata moto, yatapoa, yatarudi, yatapoa tena. Nani anapaswa kuyazuia mlangoni mpaka yapate moto?

"Josaphat, termosta iko wapi?"

Fundi alicheka. "Termosta? Niliitoa tangu zamani! Muzee, ile ni kitu ya nchi za barafu. Hapa gari yote yenye kuingia kwangu, natoa. Ndiyo maana mushale inalala!"

"Ndiyo maana mama mukwe hakulala," nilimwambia.

Fundi hakukubali. Basi tukafunika radiateri kwa kipande cha kartoni ili upepo usiyapoze maji, tukawasha injini. Mshale ukajitingisha, ukapanda kidogo, na shofaji ikatoa pumzi ya joto. Osée aliruka akazima injini. "Inachemuka!" Haikuwa inachemka. Ilikuwa, kwa mara ya kwanza, inafanya kazi.

Josaphat alileta debe lililojaa termosta za nusu ya mji. Tuliazima sufuria ya Kaswera, mke wake, tukazichemsha zile zilizolingana na jeep. Nyingine zilikaa kimya kama mashahidi waliotishwa. Moja ilifungua mdomo taratibu maji yalipopata moto, na ilipotolewa ikaufunga. Hiyo ndiyo tuliyoirudisha kwenye jeep. Kaswera alituuliza kama tungependa na chumvi.

Siku ya safari nilikaa nyuma. Tulipoanza kupanda, mshale ulianza kupanda nasi. Mama Honorine aliuona.

"Osée! Mushale!"

"Naona, mama."

"Inapanda! Simamisha, tutaungua!"

Mguu wa Osée ulikwenda kwenye breki, ukarudi. Maisha yake yote alifundishwa kusimama mshale ukiamka. Akisimama, mama atashuka, na safari itaishia hapo.

"Mama, unipatie mpaka ile kona. Ikipita nusu, nasimama mimi mwenyewe."

Mshale ulifika nusu. Ukakaa hapo. Kona ikapita, na nyingine. Kioo kikang'aa, ukungu ukabaki nje mahali pake. Mama Honorine akavua kiatu kimoja, kisha cha pili. Kabla ya kilele alikuwa akikoroma.

Alipoamka mlangoni kwa dada yake alijifuta mdomo. "Papa Laurent, unakawia nini? Andika."

Niliandika kesho yake, kwa Kifaransa juu na Kiswahili chini, kwa heshima zote zinazostahili familia hiyo, bila kutaja jeep hata mara moja. Osée alisoma mara mbili midomo ikichezacheza. Nikaikunja, nikalamba gundi ya bahasha, nikaibonyeza kwa kiganja mpaka ikashika, nikampa dada yangu Bénédicte. Akaifunga ndani ya kitenge kipya, akashika njia ya Ngezi.