Ua la Mwahija

Kibwana alikuwa na ulimi mwepesi, na mkewe Kazija alilijua hilo tangu anaolewa. Hakujua tu kwamba ulimi ule ungekuja kumgusa mtoto.

Enzi za Waingereza, Mzungu mmoja alifika Likawage kukusanya mimea. Watu wakamwita Bwana Maua. Kibwana akamwongoza msituni, na huko wakakuta ua jekundu ambalo Bwana Maua aliapa halimo katika kitabu chochote. Alifurahi, akarukaruka mtu mzima yule! Njiani akamweleza Kibwana asili ya majina: maua mengi ya Kizungu yamebeba majina ya watu. Hii dalia inayopandwa mbele ya nyumba ya DC, alisema, imepewa jina la mtu aliyeitwa Dahl. Amekufa zamani, lakini hadi leo anatajwa bustanini.

"Hili nalo nilipe jina la nani?"

Kibwana akavimba kichwa. Akalitoa jina la marehemu mama yake, Mwahija. Bwana Maua akalitia mkia wa Kilatini, akalikausha ua kati ya karatasi, akaenda nalo Ulaya.

Ole wake Kibwana! Jina lile lilikuwa na mwenyewe. Kwao, jina la marehemu hungoja mjukuu. Akizaliwa hulirithi, na bibi akarudi nyumbani. Na Kazija alikuwa na mimba, baada ya kuzika watoto wawili.

Akazaliwa mtoto wa kike, akakataa ziwa. Bi Maftaha, shangazi yake Kibwana, akamwinamia sikioni: "Mwahija, karibu kwenu." Kwa desturi, mtoto akilisikia jina lake hunyonya. Huyu alizidi kulia. Kazija alishikwa na hofu. Ndipo Kibwana akasema alichokifanya, huku kainamisha kichwa.

"Umemgawa mama yako kwa mgeni?" Bi Maftaha alifoka. "Basi yuko huko, kabanwa karatasini!"

Akajaribu majina mengine ya ukoo, wapi! Kazija akamnyakua mwanawe. "Mwahija, wewe ni wangu mimi," akamwambia kwa hasira. "Nyonya!"

Mtoto akalishika ziwa, lakini macho kayaelekeza mlangoni.

Akakua vizuri, mtoto mtulivu. Ila ukimwita jina lake hageuki, hata umwitie sikioni. Watu wakasema ni kiziwi. Laiti ingekuwa hivyo! Kwani mchana kweupe, anapocheza peke yake uani, wala hakuna aliyemwita, huinuka ghafla akaelekea upande wa bahari, akaitika kwa adabu:

"Abee!"

Kazija hutupa jembe akamkimbilia. Na kila akimfikia, humkuta amesogea mbele kidogo kuliko jana.