Sakafu ya Bi Esha

Du! Du! Du! Mshindo ulinipokea njiani, kabla sijauona ua wa Bi Esha. Nikaingia mbio. Wanawake watatu walikuwa wakitwanga mpunga wa harusi, vinu vyao katikati ya sakafu niliyoimwaga mimi. Kando, juu ya kigoda, aliketi ami yangu Suleiman, fundi mashuhuri aliyejenga nyumba tatu hapa Msambweni, mbili kati yake zingali zimesimama.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyewaambia watwange hapo. Ikipasuka, heri ipasuke leo."

Ingepasuka, Bi Esha angeihamishia harusi ya bintiye kwenye baraza jipya la ami, nami ningebaki kumwagia watu mabanda ya kuku.

Kosa langu? Katika kila ndoo saba za saruji nilipunguza moja, nikatia unga wa mawe ya chokaa, laini kuliko wa mahamri, uzibe vijitundu ambavyo saruji huviacha. Mji mzima ukajua. Watu walioswali tangu utotoni ndani ya kuta za mawe na chokaa wakashangaa kusikia kwamba chokaa husimama.

"Bi Esha, lete tambuu tutafune," ami alisema. "Chokaa ya kuipaka unayo miguuni."

Wanawake walicheka, lakini hawakuacha kutwanga. Mpunga ulipokwisha, Bi Esha alifagia makapi, akainama, akapitisha kiganja sakafuni kote. Hakuona ufa, hata wa kupitisha uzi.

"Sasa twende tukalitazame lako, Suleiman. Lile la saruji tupu."

Ami akakohoa. Baraza lake lilimwagwa siku moja na sakafu yangu. Mimi yangu niliinywesha maji juma zima. Yeye alisema saruji safi haibembelezwi. Siku hizi mijusi huingia na kutoka katika nyufa zake bila kubisha hodi.

"Basi tulimwage upya," alisema. "Na huo unga tutie nusu kwa nusu! Ikiwa kidogo kimebeba vinu, kingi si kitabeba ndovu?"

Jana najisi, leo dawa.

"Kibwana," Bi Esha aliniwahi, maana tabia yangu anaijua, "usimjibu kwa shairi."

Nikalimeza, na lilikuwa zuri.

"Ami, nakuahidi mbele ya Bi Esha: baraza nitakumwagia, unga kiasi kile kile, na maji nitakuja kuyamwaga mwenyewe. Lakini ukiongeza hata kikombe, wallahi nitakukabidhi mchi, ulitwange wewe mpaka livunjike."