Mkeka Hauwi Mraba

...mraba, anasema mraba, picha zote ziwe mraba, na kidole chake bado kimegusa kioo cha laptop yangu juu ya picha ya mkeka, huyu Bryson mwenye duka la vinyago na kazi za mikono hapa Mikumi, kesho tovuti ya duka lake inafunguliwa na niliyeitengeneza ni mimi, Happiness wa Magomeni, Kilosa, hakuitwa mtu kutoka Dar, nami najivunia, mbona nisijivunie... "Dada Happy, kata tu pembeni, macho ya mteja yatulie," anasema, kata, kaneno kadogo, lakini nikikata pembeni pindo linakwenda, na kule kijijini kwetu Chanzuru mkeka ukitandikwa harusini wanawake hawahangaiki na katikati, wanatazama pindo, ndipo msukaji anapoweka rangi zake, wanasema huu wa fulani bila kuuliza, sasa nimkate fulani ili kisanduku kipendeze... nimezipa picha zote kimo kimoja, upana kila moja na wake, mkeka umelala kwa raha zake, ila mwiko, ule mrefu wa kuchongwa, ndio huo anauonyesha, anacheka, anasema umekuwa njiti ya kiberiti, na kweli umekonda, hapo kanishika, uso unanichoma... nikizibana zote ndani ya mraba bila kukata, mkeka nao utakuwa uzi... mama alikuwa akigawa unga wa chapati matonge sawasawa, mimi nikitaka duara, kaka akivuta lake lirefuke kama nyoka, tunagombana nani kapata kubwa, mama anasema tonge ni lile lile, hakuna aliyepunjwa... tonge lile lile, jamani, si kimo sawa, ni eneo sawa, mkeka upungue kidogo ubaki mpana, mwiko ukue usimame, kila picha ipate nafasi ileile na ibaki nzima, pindo na yote, hesabu yake naijua, ni mistari michache tu, kichwa hiki bwana, nakipenda...

"Sasa?" anauliza Bryson, kidole hakijaondoka, nami nilikuwa nimeshajiandaa kusema sawa bosi, tena kuficha mkeka ni wa nani, nikiogopa ataona napendelea kwetu, lakini hapa sasa kila kitu kinapata haki yake, naogopa nini, nitaanza na mwiko wake, auone umesimama, halafu lile pindo la bluu na zambarau nitamwambia ni la Bi Ziada wa Chanzuru, na Bi Ziada ni mama yangu mzazi.