Maji, Daktari

Kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Ukinyolewa naye, unatoka umecheka mpaka mbavu zinauma. Kwa hiyo wateja walipomkuta amejikunja kimya nyuma ya pazia la kibanda chake, walijua pana jambo. Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali. Jiwe lilikuwa limekwama kwenye mrija unaotoka figo kwenda kibofu.

Daktari alimweleza vizuri: litavunjwa kwa leza, bila kisu, kupitia njia ya mkojo.

"Leza ni moto, baba. Ndiyo maana tunapitisha maji muda wote, yapoze."

"Basi nimekuwa rejeta ya gari," Kinyozi akasema. Mkewe akamfinya.

Siku yenyewe alichomwa sindano ya mgongo, na kuanzia kiunoni kushuka chini mwili ukawa si wake. Wakamvisha miwani ya kukinga macho, nao wakavaa yao. Ubavuni pake ulining'inia mfuko wa maji. Kwenye skrini aliliona jiwe lake, la kahawia, mwanga ukilidonoa kila daktari alipokanyaga pedali.

Mara vumbi la jiwe likatanda skrini nzima.

"Sioni vizuri," daktari akanung'unika, lakini mguu haukutoka.

Muuguzi alikuwa ametoka kufuata kifaa. Kinyozi akageuza shingo. Mfuko ulikuwa umesinyaa.

"Daktari, maji."

Sauti ilitoka nyembamba, midomo imemkauka. Mtaalamu wa usingizi, aliyeketi kichwani pake, akampapasa bega.

"Vumilia, baba. Utakunywa baadaye."

"Si ya kunywa..."

"Baadaye, baba. Usitikisike, daktari yuko mahali pabaya."

Akatulia. Ukiambiwa ukitikisika utaumia, utafanya nini? Alitamani asikie maumivu, apige ukelele ambao kila mtu angeuelewa. Hakusikia kitu. Mwili wake uliungua huku yeye akitazama, kama mtu anayetazama nyumba ya jirani.

Mlango ukafunguka, muuguzi akaingia.

"Daktari, toa mguu! Maji yamekatika!"

Mashine ikanyamaza. Muuguzi akatundika mfuko mwingine, vumbi likasafika, na ukuta wa mrija ukaonekana mweupe, kama nyama iliyochemshwa.

Jioni daktari alikuja wodini na mtaalamu wa usingizi. Hakuzunguka mbuyu.

"Tumekuunguza, baba. Mguu ulikuwa wangu. Nilipoacha kuona, nilipaswa kusimama."

"Na yeye alikuwa macho!" mkewe akasema. "Hakusema?"

Mtaalamu wa usingizi aliinamisha kichwa. "Alisema, mama. Mimi sikumwelewa."

Mama wa watu alisimama. Akaketi tena, akaanza kumnyooshea mumewe shuka ambalo halikuwa limekunjamana.

Kovu likaubana mrija. Walimrudisha chumba cha upasuaji, wakaupanua, ukabana tena. Figo ikaanza kusinyaa, wakamtoboa ubavuni na kumwekea mpira wa kutolea mkojo. Daktari alimwambia kwamba sasa, leza ikiwashwa, yuko muuguzi ambaye kazi yake ni kuangalia maji tu, na mgonjwa akisema lolote, wote wanasimama.

"Vizuri," Kinyozi akasema.

Siku hizi ananyoa ameketi, mpira chini ya shati. Utani wanaleta wateja wenyewe, naye hucheka akikumbuka kucheka.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akimsafisha ubavu.

"Laiti ningekuacha nyumbani," akasema.

"Jiwe lingeniua."

"Najua."

Akachovya pamba nyingine kwenye dawa, akaendelea.