Nusu Mzunguko

Katika nyumba ya mtambo hakuna mtu aliyebisha hodi, kwa kuwa hodi yenyewe isingesikika. Aliyetaka kuingia aliingia. Ndiyo maana Phanuel Andati alipoinua macho kutoka kwenye geji ya joto na kumwona mtu asiyemjua hatua mbili nyuma yake, suti ya kijivu, viatu vimejaa vumbi jekundu, hakujua amesimama pale kwa muda gani wala ameona nini.

Mgeni alisema neno. Andati akagusa sikio kuonyesha kwamba hasikii. Mgeni akafungua mkoba, akatoa karatasi na kuishika kifuani kama mtoto wa shule anayeonyesha picha aliyochora. Ulikuwa mchoro. Na mkono uliouchora ulikuwa wa Andati mwenyewe.

Akamwingiza katika chumba cha pembeni na kufunga mlango. Kilikuwa chumba cha vipuri zamani. Sasa kilikuwa na kitanda cha chuma, simu ya kuzungusha na kalenda, vyote zawadi kutoka kwa meneja.

"Jina langu ni Were," mgeni alisema. "Nimetoka Nairobi. Ninawawakilisha waliotengeneza mtambo huu wako. Unaishi hapa?"

"Nina nyumba Amalemba. Mke wangu yuko huko."

Were alikitazama kile kitanda.

Ulikuwa mwaka wa sabini na tisa, na miwa ilikuwa imemeza nchi. Watu waling'oa mahindi, wakang'oa mihogo, wengine wakapanda miwa hadi mlangoni pa jikoni. Trekta zilipanga foleni kutoka geti la kiwanda cha Lusumu mpaka huko macho yasikofika, na kiwanda kilikamua usiku na mchana. Umeme wake ulitokana na mvuke wa kuchoma makapi ya miwa, lakini mvuke ulipolegea, mzigo wote uliangukia mtambo mmoja mdogo usiozidi ukubwa wa ng'ombe aliyelala: tabaini inayovuta hewa, inaichoma kwa mafuta ya taa, na kujizungusha kwa pumzi hiyo ya moto.

Mtambo huo uliletwa kutoka ng'ambo, na kwao pengine ulikuwa na adabu. Hapa Lusumu uliwashinda watu. Bonge la miwa likiingia kwenye visu vya kuikatakata, mzigo ulipanda ghafla. Gavana, kile kifaa kinacholinda mwendo, alishtuka akamwaga mafuta. Mafuta yakafika kabla ya hewa. Joto likapanda na mtambo ukajizima. Kiwanda kizima kikanyamaza, maji ya miwa yakaganda kwenye mabomba.

Andati ndiye aliyeutuliza. Alichukua pampu ya baiskeli, springi na skrubu moja, akaunda kijisanduku kinachoonja nguvu ya hewa kabla ya kuruhusu mafuta kupita. Zeituni, mwendeshaji wa mtambo, mama wa makamo kutoka Matungu ambaye wote walimwita Mama Kulthum, ndiye aliyekieleza vizuri kuliko mtu yeyote: mtoto anayelia hapewi uji kabla hajavuta pumzi, atapaliwa.

Lakini kile kijisanduku kilikuwa na jambo. Skrubu yake ilitaka kurekebishwa kila hali ya hewa ilipobadilika, na jinsi ya kuirekebisha Andati hakuiandika popote. Uvumbuzi wake wa kwanza, valvu ndogo ya kuwashia, alikuwa ameuandika wote, akamkabidhi mhandisi mkuu wa wakati ule, mzungu mpole mwenye kupenda chai. Mwaka uliofuata aliiona valvu hiyo kwenye kitabu cha kampuni ya huko kwao, na jina chini yake halikuwa Andati. Mara ya pili akawa mjanja. Alichora kila kitu na kukikabidhi, isipokuwa lile moja. Wakati wa kulifanya alifunga mlango.

Ujanja huo ukamgeukia. Meneja Shikanga aligundua upesi kwamba Andati akienda zake siku tatu, mtambo unazima. "Wewe ndio gavana ya hii kiwanda," alimwambia akicheka, akimpigapiga begani. "Na gavana haendangi likizo." Kesho yake kitanda kililetwa. Jumapili moja kwa mwezi alipelekwa Amalemba, na dereva alimngoja nje bila kuzima injini. Mke wake, Nanjala, alizoea kumwandalia chakula cha kula amesimama.

Baba yake alipofariki, alipewa siku mbili. Jeneza lilikuwa halijateremshwa pale Mautuma gari la kiwanda liliposimama kando ya boma. Siku ya tatu ndugu zake walinyolewa nywele kama ilivyo desturi, wakaugawana msiba ukaisha. Yeye, mtoto wa kwanza, alikuwa huku na bisibisi mkononi.

Na kuna lililomuuma zaidi ya hilo. Alipokuwa mazishini, mtambo ulizima mikononi mwa Zeituni. Shikanga alimsimamisha kazi wiki mbili kwa uzembe. Andati alijua si uzembe, akanyamaza. Mama huyo aliporudi hakumlaumu. Alimuuliza swali moja tu: "Injinia, kile unachofanyanga mlango ukiwa umefungwa, utanionyesha lini?"

"Kabla miwa ya msimu huu haijaisha," Andati alijibu. "Nakuahidi, Mama."

Miwa ya msimu ilikuwa inaisha leo, saa tisa alasiri.

"Wahandisi wetu walitengeneza kijisanduku chako hivyo hivyo," Were alikuwa akisema. "Kipimo kwa kipimo. Tabaini ya kwanza ilihema, mwendo ukipanda na kushuka, mpaka ikazima. Ya pili iliungua mapanga yake ya ndani."

"Pole."

"Usinipe pole, Bwana Andati. Nipe kilichobaki."

Akatoa karatasi nyingine. Kazi ya miaka mitatu katika karakana yao ng'ambo, yeye na mkewe. Jina lake, Phanuel Andati, kwenye hati ya uvumbuzi, lisomwe na kila anayewasha mtambo kama huu duniani. Shikanga? Wakubwa wa Shikanga walikuwa wameshakubali. Andati aliisoma mara mbili. Jina lake lilikuwa limepigwa chapa, herufi zote mahali pake.

"Sharti ni hili la mwisho," Were alisema, akaligusa kwa kidole. "Unathibitisha kwamba hakuna mwingine anayejua, na hutamwambia mtu. Mimi naondoka saa kumi. Nisiporudi na sahihi, wataanza upya wenyewe, kwa njia yao."

"Na kama kuna mtu mmoja tu?"

"Mmoja ni wengi. Neno la watu wawili liko sokoni Matete." Were alimtazama. "Kwani yuko?"

"Bado. Kuna mama nilimwahidi."

Were alicheka, si kwa ubaya. "Mwahidi kingine, ndugu yangu. Mnunulie leso."

Saa nane Zeituni aliingia zamu, leso kichwani, daftari jipya la zamu kwapani.

"Asalaam aleikum, Injinia. Nasikia una mgeni wa suti. Anauza Biblia?"

"Hauzi, Mama. Ananunua."

"Ananunua nini hapa? Kelele?"

Akaenda kusoma geji zake moja moja kama alivyofanya kila siku, akiandika namba. Hakumkumbusha. Afadhali angemkumbusha, angepata la kumkasirikia. Alipomaliza alisema tu, bila kugeuka, "Leo miwa inaisha."

"Najua."

"Basi."

Andati alirudi chumbani akakaa kitandani. Chuoni walimfundisha kwamba mfumo wa kudhibiti ni kitanzi: geji huona joto, huiambia valvu, valvu huuambia moto, moto huirudia geji, na kazi huanza tena. Aliwahi kumchorea Zeituni duara hilo kwa chaki sakafuni. Mama alilizunguka akiliangalia, kisha akauliza, "Na wewe Injinia uko wapi hapa?" Alikuwa amemwonyesha katikati.

Sasa mlango wa kutokea, ile karatasi, ulikuwa umelala juu ya magoti yake, pamoja na kalamu ya Were. Alichotakiwa ni kuandika jina lake na kumwachia Zeituni kijisanduku asichoweza kukirekebisha. Msimu ujao mvua zingeanza, hewa ingekuwa nzito, mtambo ungehema mikononi mwake, na Shikanga angemwita ofisini. Wiki mbili mara ya kwanza. Mara ya pili haziwi wiki.

Akawaza kumwonyesha kisiri, kisha asaini. Nani angejua? Lakini kujua kwa kisiri kungemfunga yule mama kama kulivyomfunga yeye. Angehitaji naye mlango wa kufunga.

Nje honi ya trekta ililia kwa mbwembwe. Trela la mwisho la msimu lilikuwa getini, limefungwa matawi ya maua. Baada ya hilo visu visingekuwa na mzigo, na bila mzigo skrubu haionyeshi kitu.

Andati aliinuka. Aliufungua wote mlango wa nyumba ya mtambo, akauzuia kwa tofali usijifunge.

"Mama Kulthum. Njoo ushike bisibisi."

Zeituni aliifuta mikono kwenye leso, akaja. Were naye alisogea hadi kizingitini.

"Ikaze polepole," Andati alimwambia sikioni. "Usiangalie mkono wako. Angalia sindano."

Aliikaza. Ngurumo ya mtambo ikawa kali, safi. Akaongeza. Sindano ikaanza kucheza, kwanza kama kope, kisha ikayumba huku na huku. Ngurumo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Taa zikafifia na kuwaka. Zeituni akaondoa mkono kama aliyeguswa na moto.

"Inahema!"

"Iache iheme."

"Itazima, Injinia. Nitafukuzwa."

"Niko hapa. Wote waliojaribu hapa kiwandani waliogopa hapo ulipo, wakaishia kabla. Lazima ifike ihemapo, ndipo ujue mpaka uko wapi. Shika tena."

Simu chumbani ikaanza kulia. Ni Shikanga, nani mwingine; huko ofisini taa zilikuwa zikimkonyeza. Andati hakugeuka. Zeituni akaurudisha mkono, midomo ikitembea kwa dua.

"Sasa rudi. Nusu mzunguko. Nusu tu."

Akarudi nusu. Sindano ikayumba mara mbili, mara moja, ikasimama. Trela la mwisho likaangukia visu kwa kishindo, mzigo ukapanda wote kwa mara moja, na mtambo ukaupokea kwa mguno mmoja mzito, ukaendelea.

Zeituni alibaki ameshika bisibisi.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

"Miaka sita unafunganga mlango kwa hivyo tu?"

Andati alihisi kicheko kikimpanda, na nyuma yake kitu kingine, akakigeuza kuwa kikohozi.

Zeituni alilifungua daftari la zamu juu ya meza. Kalamu yake ilikuwa hewani. "Niandike?"

Ahadi ilikuwa kuonyesha. Haikuwa kuandika, kuandika ni kumpa kila atakayeketi kwenye kiti kile. Andati alimtazama Were, aliyekuwa ameiokota ile karatasi kitandani na kuileta mpaka mlangoni, kama mtu anayemshikia mwenzake koti asije akalisahau. Were akatikisa kichwa polepole, hapana, na usoni mwake kulikuwa na huruma ya kweli. Andati alilisoma jina lake kwa mara ya mwisho, kutoka mbali.

"Andika, Mama."

Were akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani, akampa mkono Andati. Gari lake lilipita geti pembeni ya trela tupu. Simu ilikuwa bado inalia.

Zeituni aliandika polepole, akiyatamka maneno kama mtu anayesoma barua ya mwingine. *Kaza mpaka iheme. Usiogope. Rudi nusu.* Akainua macho.

"Andika kubwa zaidi," Andati alisema, akimsogezea taa. "Mzee wa zamu inayokuja macho yake si mazuri."